Fuvu la Mkwawa na Msahafu wa Sayyidna Uthman katika kifungu kimoja



Ndugu zangu katika imani, kijana wetu mmoja wa Kidugala, upande wa Makambako, ameniandikia akiuliza: wazee wanasema Mtwa Mkwawa alikuwa akipewa habari za vita na jiwe, je, Muislamu aamini? Nimeona jibu la mstari mmoja halitoshi. Hii ni habari ya mji mzima uliokuwa kando ya mto, na ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi ambalo wengi hatujawahi kusimuliwa. Tulieni msome.

Ukitoka Makambako kwa barabara kuu unafika Iringa. Kilomita kama 15 magharibi ya mji huo, kwenye Mto Ruaha Mdogo, ndipo ilipo Kalenga. Leo utaiona ni kijiji, lakini huko ndiko kulikuwa makao makuu ya Wahehe, yamezungushiwa ukuta. Na hilo jina la Iringa lenyewe ni la kwao: lilinga kwa Kihehe ni boma. Wajerumani walipoubomoa mji wa mtoni, walijenga mwingine juu kilimani na jina wakaondoka nalo.

Sasa hilo jiwe. Linaitwa Gangilonga, yaani jiwe linalosema, nalo liko pale juu ya Iringa mjini. Masimulizi yanasema Mkwawa alikuwa akikaa hapo, na ndipo alipojua kuwa Wajerumani wanakuja. Kusimulia si dhambi, na mzee wako anapokuhadithia msikilize kwa adabu. Ama kuitakidi kuwa jiwe linajua ghaibu, hapana. Ghaibu ni ya Allah (s.w.) peke yake. Tena tazama kwa akili tu: kama jiwe lilimpa ushindi wa Lugalo, mbona halikuuokoa mji wa Kalenga?

Lugalo ilikuwa tarehe 17 Agosti 1891. Kamanda wa Wajerumani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Watu wa Pangani walikuwa wanamjua tangu 1888, alipokuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani pale, na miongoni mwa malalamiko yao ni kuingiliwa msikiti na mbwa. Ndiyo ghadhabu iliyozaa vita vya Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Haikufika miaka miwili, Nyundo akauawa na Wahehe waliomvizia njiani, na sehemu kubwa ya jeshi lake ikaisha hapo hapo.

Lakini tusijipambe. Wengi wa askari wa Kijerumani wa miaka ile walikuwa Wasudani walioajiriwa kutoka Misri, Waislamu wenzetu, wanaoswali. Walikuja kuua watu wasiowajua kwa mshahara wa mtu aliyewadharau. Hili huwa tunaliruka tunaposimulia.

Wajerumani walirudi wakiwa na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894, wakiongozwa na gavana von Schele, waliivamia Kalenga na kuichukua. Kuna mahali jirani panaitwa Tosamaganga, na wenyeji hueleza kuwa maana yake ni kutupa mawe, wakikusudia makombora yaliyoangukia mji. Basi angalia: jiwe moja husema, mengine hutupwa, na nchi ile ile imehifadhi yote mawili katika majina ya mahali.

Mkwawa aliponyoka. Akapigana porini karibu miaka minne, huku zawadi ya rupia 5,000 ikitangazwa kwa atakayemleta. Tarehe 19 Julai 1898, alipokuwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Kujiua katika dini yetu ni haramu, wala siwezi kukipamba kitendo hicho kwa sababu aliyekifanya ni shujaa. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu: walimkata kichwa wakakichukua.

Miaka 21 baadaye, Juni 1919, baada ya Vita Kuu, Ujerumani ilitia saini mkataba wa Versailles. Tafuteni kifungu cha 246. Kinaitaka Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi sita. Cha kwanza ni Msahafu wa Sayyidna Uthman (r.a.), uliotolewa Madina na Waturuki na kuzawadiwa Kaiser Wilhelm wa Pili, kwa maneno ya mkataba wenyewe, huo apewe Mfalme wa Hijazi. Cha pili ni fuvu la Mkwawa, wapewe Waingereza. Kifungu kimoja! Kitabu cha Allah na kichwa cha mja, vyote vimehesabiwa katika mali zilizochukuliwa.

Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu ya watu yalikuwa yamerundikwa kwa wingi, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa za Mkwawa, na kwa tundu la risasi. Juni 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Tangu hapo liko Kalenga, ndani ya kioo.

Hapa nina maoni yangu, na anayepinga apinge kwa hoja. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwakatakata maiti wa vitani. Maiti wa Kuraishi waliouawa Badr, maadui zake, hakuwaacha juani, aliamuru watiwe kisimani. Lilipopita jeneza la Myahudi alisimama, kwa kuwa naye ni nafsi. Mkwawa hakuwa Muislamu, lakini heshima hii haikuwekewa sharti hilo.

Najua familia na Wahehe ndio wenye neno la mwisho, na fuvu lile limewapa watoto wa shule somo ambalo vitabu haviwezi kulitoa. Hata hivyo, wapo wanahistoria wenye shaka kama kweli ni lake, maana vipimo si ushahidi wa kukata. Na kama si lake, basi ni la mtoto wa mtu mwingine, ambaye jina lake hakuna aliyeliuliza, na kwao hawajui mpaka leo kwamba kichwa chake kiko Kalenga.

Wallaahu a'lam.