Mto Una Wenyewe: Historia ya Maji ya Ruvu na Samaki Wake

Ndugu msomaji, ukifungua bomba pale Mkuza au Kibaha Mjini, maji yanayotoka ni ya Mto Ruvu. Mto huu huanza milima ya Uluguru, hupokea maji ya Mgeta na Ngerengere, hupita Mlandizi, kisha humwagikia baharini karibu na Bagamoyo. Mjini wanautazama kama bomba. Mkulima anautazama kama mfereji. Lakini perege na kambare wanauitaje? Kwao ndio nyumba.

Tuanze na mji. Mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976. Dar es Salaam ikakua, na mitambo ikapanuliwa: Ruvu Juu kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196, na Ruvu Chini kutoka milioni 180 hadi milioni 270. Mitambo iliongezeka uwezo, lakini mvua ya Uluguru haikuongezwa na fundi yeyote. Basi vuli ilipochelewa mwaka 2021, na tena mwaka 2022, mto ulipungua na mji ukapata maji kwa mgao. Ndipo macho yakageukia juu ya mto, kwa wenye pampu na michepuko.

Sasa utauliza, samaki wanaingiaje hapa? Sikiliza. Masika mto unapofura, maji hutapakaa mabondeni. Kambare huyafuata na kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Perege dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Maji yakishuka ghafula, viota hubaki juu ya matope makavu. Na mafuriko yasipokuja kabisa, vifaranga hukosa pa kukulia. Kwa hiyo samaki anahitaji maji kwa wakati wake: mengi masika, na ya kutosha kiangazi.

Jambo hili ndugu zetu wa Bonde la Pangani wamelionja. Huko wakulima wa Kilimanjaro walichimba mifongo tangu zamani, na Wapare wakajenga ndiva za kuhifadhi maji. Katikati ya miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, mahali Kikuletwa inapokutana na Ruvu. Angalia, huyo ni Ruvu mwingine, atokaye Ziwa Jipe. Wavuvi walimiminika bwawani, na kufikia mwaka 1970 samaki walikuwa tele. Halafu uvuvi ukaporomoka. Chini ya bwawa nako, kinamasi cha Kirua, kilichozoea kufurika kila mwaka, kikakosa mafuriko yake, na wavuvi wa huko wakakosa kitoweo. Bwawa liliwapa wengine, likawanyang'anya wengine. Katika bonde hilo yuko perege aitwaye kwa jina la Ziwa Jipe, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1955. Leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Akiisha huko, hakuna mto mwingine wa kwenda kumchukua.

Na Ruaha Mkuu je? Tangu miaka ya 1990 mwanzoni, mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, maji yakiwa yametumika Usangu kabla ya kufika. Viboko na samaki hubanana kwenye madimbwi machache.

Funzo hilo liliingia katika sheria. Sera ya Maji ya mwaka 2002, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ziliweka matumizi ya nyumbani kwanza, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo zifuate shughuli nyingine. Yaani samaki yuko mbele ya mpunga! Ni neno zito kwa mkulima, lakini lina maana: mto ukikauka, mpunga nao hauna pa kunywea. Mwaka 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, ili maji ya masika yasaidie kiangazi. Ni jambo jema. Lakini tusisahau Kirua. Bwawa likiyafunga mafuriko yote, mji utashiba na bonde litalala njaa. Lazima lifunguliwe kwa kipimo na kwa majira.

Nasi tulio shambani tuna la kufanya:

Kwanza, usichepushe maji bila kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Pili, banio lisizibe mto mzima. Acha njia ya maji na ya samaki.

Tatu, weka wavu mdomoni mwa mfereji, vifaranga wasiishie shambani.

Nne, maji ya ziada yarudishe mtoni, na funga mfereji usiku kama humwagilii.

Tano, usilime ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Ndugu msomaji, kugombania maji ya kiangazi hakukuanza jana wala hakutaisha kesho. Mwenye bomba ana ofisi ya kupeleka malalamiko, mwenye shamba ana chama chake cha ushirika. Samaki hana pa kushtaki. Tumwekee fungu lake kabla ya kugawana letu. Hadi kipindi kijacho, kazi njema.