Michoro ya Turner Kabla ya Rangi

Wahenga walisema, "Mwanzo wa ngoma ni lele." Msemo huu wawafaa sana wachoraji wa rangi za maji, kwani kazi yao mara nyingi hutengenea au huharibika kabla brashi haijalowa. Mwenye kutumia rangi za mafuta aweza kulifunika kosa lake kwa rangi nyingine. Lakini rangi ya maji ni nyepesi, na weupe wa karatasi huonekana chini yake. Kosa nalo ni vigumu kulificha. Tena mwanga katika picha ya namna hii kwa kawaida haupakwi. Ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Kwa hiyo mchoraji hana budi kuamua mapema mlima utakaa wapi, maji yatakaa wapi, na mwanga utatoka wapi. Uamuzi huo hufanywa katika michoro ya awali, ambayo aghalabu huchorwa kwa kalamu ya risasi.

Mfano mwema wa jambo hili ni Joseph Mallord William Turner, Mwingereza aliyezaliwa London katika mwaka wa 1775. Baba yake alikuwa kinyozi. Mwaka wa 1789, akiwa na umri wa miaka 14, kijana huyo aliingia shule ya Royal Academy, na mwaka uliofuata picha yake ya rangi za maji ilionyeshwa huko mbele ya watu.

Tangu ujana wake Turner alishika desturi moja. Wakati wa kiangazi alisafiri, akichukua madaftari madogo ya kuchorea. Humo alitia umbo la mlima, mnara wa kanisa au milingoti ya vyombo vya baharini, na pengine aliandika neno moja kando ili akumbuke rangi aliyoiona. Alipokuwa Naples mwaka wa 1819, alieleza kwamba kupaka rangi nje kungemchukulia wakati mwingi mno, maana katika muda wa mchoro mmoja wa rangi aliweza kufanya 15 au 16 ya kalamu. Baadaye, akisha rudi nyumbani, aliyafungua madaftari yake, na mistari ile michache ikamrudishia nchi nzima.

Katika kiangazi cha mwaka wa 1841, akiwa na miaka 66, alikaa Lucerne katika nchi ya Uswisi. Ng'ambo ya ziwa aliutazama mlima Rigi, akauchora tena na tena, asubuhi na jioni, kwa kuwa sura yake ilibadilika pamoja na mwanga. Aliporudi London alimpelekea wakala wake, Thomas Griffith, michoro 15 ya mfano. Hiyo haikuwa picha kamili. Ilikuwa ahadi ya picha. Mnunuzi alitakiwa achague mchoro mmoja, kisha Turner amtengenezee picha yenyewe kwa gini 80. Alitaka wanunuzi wa picha 10, lakini wakala alikuwa na wasiwasi, kwa sababu picha hizi hazikufanana na zile watu walizozizoea. Wakapatikana wa 9 tu. Hata hivyo, miongoni mwa picha zilizotokana na michoro hiyo ya 1842 imo ile iitwayo The Blue Rigi, ambayo mwaka wa 2007 ilinunuliwa kwa msaada wa michango ya watu wengi ili isitoke Uingereza.

Turner alifariki mwaka wa 1851. Jamaa zake walishindania wasia wake, hata mwaka wa 1856 mahakama ikaamua kwamba kazi zote za mkono wake zilizobaki kwake, pamoja na michoro, ziwe mali ya taifa. Mwandishi John Ruskin alipoanza kuipanga michoro hiyo mwaka wa 1857, alikuta maelfu ya karatasi ndani ya masanduku ya bati. Nyingine zilikuwa zimeoza kwa unyevu, na nyingine zimetafunwa na panya. Wengi wangaliziona kuwa takataka. Leo madaftari yapatayo 300 na karatasi zaidi ya 30,000 zimehifadhiwa katika jumba la Tate Britain, London, na wataalamu huzisoma kama tusomavyo barua.

Ziko sababu njema za kuzitunza. Picha iliyokamilika hutuonyesha kile mchoraji alichokichagua, bali mchoro wa awali hutuonyesha namna alivyochagua: nini alikitia, nini alikiacha, na mara ngapi aliurudia mlima ule ule kabla hajaridhika. Mwanafunzi aonaye aibu kwa insha yake iliyojaa mikwaruzo, au kwa hesabu aliyoifanya mara tatu pembeni mwa daftari, na akumbuke masanduku yale ya bati. Mlima wa Rigi ulipata uzuri wake wa buluu baada ya kuchorwa mara nyingi kwa kalamu na brashi katika karatasi ambazo hazikukusudiwa kusifiwa na mtu.