Jinsi Tulivyojifunza Kukoroga Dhahabu

Mzee aliyenifundisha kuchenjua alianza na karai. Mchanga wa karasha ulipita kwenye mwalo, ulionaswa na magunia ukakungʼutwa, naye akaukanda na zebaki kwa viganja vitupu. Kisha alichoma zebaki akivuta moshi wake. Leo mikono yake inatetemeka, na jambo hilo linaniuma. Dhahabu nyingi ilibaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, hata hivyo, na marudio hayo ndiyo yaliyotuletea vati na sayanaidi hapa Kahama.

Mbinu ya kuyeyusha dhahabu kwa maji ya sayanaidi ilipatiwa hataza mwaka 1887 na John Stewart MacArthur wa Glasgow pamoja na madaktari wawili, ndugu wa ukoo wa Forrest. Lakini tangu 1846 Mjerumani Elsner alikwisha kuonyesha kwamba dhahabu haiyeyuki humo pasipo oksijeni. Hapo ndipo vati zetu zinapokwama. Maji ya dawa hushuka taratibu kupitia marudio yaliyotulia, na penye udongo wa mfinyanzi hukwepa. Siku ya kupakua vati, pasua donge kwa sururu: nje limelowa, ndani lina rangi ileile liliyoingia nayo. Dhahabu yake haijaguswa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, New Zealand na Mexico walipata tangi refu lenye kitako kilichochongoka. Hewa ya kompresa hupulizwa chini, tope hupanda katikati na kushuka pembeni, likipata oksijeni njia nzima. Liliitwa Pachuca, kwa jina la mji wa Mexico. Nozeli iwe pana kiasi gani, hewa iwe na kasi ipi, mafundi walijua kwa kujaribu tu.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, Francis Harlow na wenzake wa Los Alamos, Marekani, walianza kukokotoa mwendo wa vimiminika kwa kompyuta. Siku hizi programu hugawa tangi katika vijichumba maelfu, ikapiga hesabu ya kasi na mgandamizo wa kila kimoja, na kuonyesha tope limelala wapi. Hulinganisha nozeli nyingi kabla ya chuma kukatwa. Moja ya programu hizo, OpenFOAM, hutolewa bure.

Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo Lwamgasa, Katente na Itumbi. Naomba wahandisi wa vyuo vyetu wakae na wachimbaji hao, watuchoree tangi dogo la hewa ambalo mchenjuaji wa Nyasubi, hapa Kahama, ataweza kulichomelea hapahapa mjini.