Mifarishi ya Wanawake wa Gee's Bend

Katika vitabu vya historia twazoea kusoma habari za wafalme na majemadari, vita walivyopigana na miji waliyoijenga. Habari za mikono ya wanawake twazisoma mara chache, maana kazi yao huvaliwa, huchakaa, kisha hutupwa, wala hapana aiandikaye. Leo twataka kuwaeleza habari za wanawake wa kijiji kimoja cha Marekani ambao kazi yao ya viraka hatimaye iliandikwa. Nasi tulio katika vyama na makundi tutaona humo jambo linalotuhusu sote, yaani jinsi watu wanavyoweza kufanya kazi pamoja pasipo hata mmoja wao kupotewa na mkono wake mwenyewe.

Kijiji hicho chaitwa Gee's Bend, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, upande wa kusini wa nchi ile. Mto Alabama hujipinda pale ukaizunguka nchi pande tatu, hata mtu hawezi kutoka kwa urahisi ila kwa kivuko, au kwa njia moja ndefu ya nchi kavu. Mwaka 1816 mtu mmoja aitwaye Joseph Gee, kutoka North Carolina, alishika ardhi ile akalima pamba kwa mikono ya watumwa weusi. Mwaka 1845 shamba likatoka katika ukoo wa Gee kwa sababu ya deni, likawa la Mark Pettway. Naye akaleta watumwa wake yapata mia kutoka North Carolina, wakaja kwa miguu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi wa watu wale walikaa pale pale na jina la bwana wao, hata jina la Pettway likawa jina la karibu nusu ya kijiji. Walikuwa huru, lakini ardhi haikuwa yao. Walilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mbegu na chakula walikopa kwa mfanya biashara wa ng'ambo ya mto.

Katika nyumba zao za magogo upepo wa baridi ulipita katika nyufa, na wanawake wakapambana nao kwa mifarishi. Mfarishi ni nguo nene ya kujifunika usiku, nayo ina tabaka tatu: juu ni vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati ni pamba, na chini ni kitambaa kizima. Vipande vya juu vilikuwa nguo kuukuu za kazi, suruali za dangirizi zilizotoboka magoti, mifuko ya unga na ya mbolea, na marinda yasiyofaa tena kuvaliwa. Hawakununua kitambaa, maana hawakuwa na fedha.

Tafadhali, msomaji, uangalie sana namna ya kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa habari hii. Tabaka la juu kila mwanamke hulishona peke yake nyumbani mwake, kama apendavyo. Mmoja huanza na kiraka kimoja katikati, akakizungushia vipande virefu, mraba nje ya mraba, na namna hiyo huitwa Paa la Nyumba. Mwingine hupanga vipande vyake kama mwashi apangavyo matofali. Akipungukiwa na kitambaa chekundu hutia cha buluu, na upungufu ule ukageuka kuwa pambo. Kisha mfarishi huwambwa juu ya kiunzi cha mbao, na hapo ndipo majirani huitwa. Wanawake hukaa pande zote za kiunzi, wakipitisha sindano katika tabaka zote tatu, wakiimba nyimbo za kanisani, wakisali na kusimuliana habari. Leo hukutana katika nyumba ya huyu, kesho katika nyumba ya yule. Basi ubuni ni wa mmoja, na uimara ni wa wote.

Hata mwaka 1932 msiba mkubwa ukawapata. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka miaka mingi, na madeni yakawa yanazidi. Mfanya biashara aliyewakopesha akafa, na mjane wake akadai yote kwa mara moja. Watu wakatumwa ng'ambo ya mto, wakaingia katika nyumba za jamaa zaidi ya 60, wakachukua nyumbu, ng'ombe, nguruwe na kuku, majembe ya kukokotwa na mahindi yaliyokuwa ghalani. Wakati wa baridi ulipofika hawakuwa na kitu, wakaishi kwa matunda ya mwituni, samaki, na unga ulioletwa na Msalaba Mwekundu. Ghala zilikuwa tupu, na jamaa nyingi hazikubakiwa na kinga ya baridi ila mifarishi ya viraka.

Habari za taabu ile zikafika kwa serikali kuu ya Marekani. Mwaka 1937 mpiga picha Arthur Rothstein alitumwa kijijini, na picha zake zikawaonyesha wengine jinsi watu wale walivyokaa. Serikali ikalinunua shamba, ikalikata vipande, ikawakopesha wakulima fedha kwa riba ndogo ili wajinunulie ardhi waliyokuwa wakiilima. Ikajenga na nyumba mpya, shule na duka. Msomaji asilipite jambo hili upesi. Watu weusi wenye ardhi yao wenyewe walikuwa wachache sana katika wilaya ile, na miaka iliyofuata ilionyesha faida yake.

Mwaka 1942 mume wa Bibi Missouri Pettway alifariki. Bibi huyo alizikusanya nguo za kazi za marehemu, akamwita binti yake Arlonzia amsaidie kuzikata, akashona mfarishi wa kumkumbuka na kujifunika ndani ya upendo wake. Ukiutazama mfarishi huo waona mahali palipofifia kwa jua na palipochakaa kwa magoti ya mtu aliyelima maisha yake yote. Bibi Missouri hakuushona kwa ajili ya soko wala sifa. Aliushona ili mtu asisahauliwe.

Miaka ya 1960 ilipofika, watu weusi wa Alabama wakaanza kudai haki ya kupiga kura. Katika wilaya ya Wilcox weusi walikuwa wengi kuliko weupe, lakini hata mwanzo wa mwaka 1965 hapakuwa na mweusi hata mmoja aliyeandikwa katika daftari la wapiga kura. Mwaka 1962 kivuko cha kwenda Camden, mji wa serikali ya wilaya, kilikuwa kimeondolewa, na safari fupi ya kuvuka mto ikawa mwendo wa maili 40 hivi kwa nchi kavu. Februari 1965 Mchungaji Martin Luther King alifika Gee's Bend akahubiri kanisani, akawatia watu moyo. Wakaenda kuandikisha majina yao. Wengi wa wilaya ile waliokaa katika mashamba ya watu wengine walifukuzwa kwa sababu hiyo, nao wa Gee's Bend waliweza kusimama, maana nani atamfukuza mtu katika shamba lake mwenyewe?

Desemba 1965 Padre Francis X. Walter, wa kanisa la Episkopali, alikuwa akizunguka katika wilaya hiyo kuandika habari za waliodhulumiwa. Akiwa njiani aliona mifarishi imeanikwa katika kamba mbele ya nyumba, akastaajabia uzuri wake. Alipokaribia, mama mwenye nyumba akakimbilia msituni, maana Mzungu asiyejulikana, siku zile, hakuwa dalili ya heri. Baadaye Padre alirudi pamoja na wenyeji, akakusanya mifarishi kwa dola 10 kila mmoja, na Machi 1966 ikauzwa kwa mnada New York. Mwezi ule ule wanawake zaidi ya 60 wakakutana kanisani Camden wakaanzisha chama cha ushirika, wakakiita Freedom Quilting Bee, yaani mkutano wa uhuru wa kushona mifarishi. Bibi Estelle Witherspoon alikiongoza miaka mingi. Chama kikanunua ekari 23 za ardhi, kikajenga nyumba ya kushonea iliyopewa jina la Martin Luther King, na sehemu ya ardhi ile kikawauzia jamaa waliofukuzwa kwa ajili ya kura. Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema wazee wetu.

Lakini hapa likatokea shauri gumu, na twaona si haki kulificha. Duka kubwa la mjini halitaki mfarishi mmoja mzuri; lataka mia iliyo sawasawa, kipimo kimoja, rangi moja, mshono mmoja. Mwanamke aliyezoea kutia buluu mahali pa nyekundu sasa aliambiwa afuate kielelezo. Mwaka 1972 chama kikapata kazi ya duka la Sears, kushona foronya za mito kwa nguo ya kodrai. Kazi hiyo ilileta mshahara wa kila juma kwa wanawake ambao hapo kwanza hawakuona fedha ila mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno. Je, wakatae mshahara ili walinde ubuni wao? Watoto walihitaji chakula.

Wanawake wale hawakukata mojawapo. Kiwandani walishona foronya sawasawa kama walivyoagizwa, na jioni walikusanya mabaki ya kodrai, mekundu, ya kijani na ya rangi ya dhahabu, wakayachukua nyumbani. Huko kila mmoja akakata apendavyo. Mifarishi ya kodrai ya miaka ile ni mojawapo ya mizuri kupita yote iliyopata kushonwa Gee's Bend. Basi kazi ya mwenye duka iliwalisha, na makombo ya kazi ile yakawa mali ya roho zao.

Miaka ikapita. Maduka yakapunguza kazi, wanawake wakazeeka, na vijana wakaenda mijini. Wengine walidhani habari imekwisha. Ndipo Bwana William Arnett, mkusanyaji wa kazi za mikono za watu weusi wa kusini, akazunguka nyumba kwa nyumba akinunua mifarishi ya zamani, mingine ikitolewa chini ya magodoro. Septemba 2002 mifarishi zaidi ya 60 ikatundikwa ukutani katika nyumba ya makumbusho ya Houston, Texas, na kisha New York. Wanawake wengi wakasafiri kwa basi kwenda kuiona. Fikiri, msomaji, mama aliyeshona kwa taa ya mafuta ili watoto wasife kwa baridi, sasa asimama mbele ya nguo ile ile, na watu wa mjini waitazama kimya kama watazamavyo picha za mafundi wakubwa. Katika safari hizo waliimba nyimbo zile zile walizoimba kuzunguka kiunzi.

Mwaka 2003 wakaunda chama kipya ili wauze wenyewe, kila mfarishi ukiwa na jina la aliyeushona. Mwaka 2006 serikali ikatoa stempu za posta zenye picha za mifarishi kumi, na mwaka ule ule kivuko kikarudi, baada ya miaka 44. Lakini sifa haikukosa matata. Mwaka 2007 washonaji watatu walipeleka madai mahakamani juu ya faida na haki za kazi yao, na madai hayo yakamalizwa mwaka uliofuata. Chama cha kwanza, kile cha mwaka 1966, kilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015 Bibi Mary Lee Bendolph, Bibi Lucy Mingo na Bibi Loretta Pettway walipewa heshima ya taifa kwa kuitunza sanaa ya wazee wao. Na Oktoba 2022 kijiji kilianza sikukuu ya kuanika mifarishi: ilitundikwa katika kamba na barazani, na wageni wakatembea nyumba kwa nyumba. Zamani mama mmoja alikimbia mgeni alipoikaribia kamba yake. Sasa wenyeji walimkaribisha.

Nasi twajifunza nini? Katika vijiji vyetu mna vikundi vya akina mama wasukao mikeka na vikapu, nao wauliziwa na wanunuzi maneno yale yale: leteni mia, zote sawasawa. Hatusemi wakatae, maana fedha ya halali si ya kudharauliwa. Twasema chama chema kina kazi mbili. Ya kwanza ni kukaa pamoja kuzunguka kiunzi, kusaidiana, kuweka akiba, kununua ardhi ikiwezekana, na kusimama na aliyefukuzwa. Ya pili ni kumwachia kila mmoja vipande vyake avipange kwa akili aliyopewa, na jina lake liandikwe katika kazi yake. Chama kinachosahau kazi ya kwanza chavunjika. Kinachosahau ya pili chageuka kuwa shamba la mtu mwingine.

Mfarishi wa Bibi Missouri, ule wa nguo za marehemu, tangu mwaka 2020 ni mali ya nyumba kubwa ya sanaa ya taifa huko Washington. Ulishonwa na mjane na binti yake, kwa nguo ambazo mwingine angezitupa. Basi mama akikaa barazani na matambara yake, tusimwambie kwamba anapoteza wakati.