Ushoroba

nomino [u-/zi-], wingi: shoroba. Ardhi inayounganisha maeneo ya hifadhi, ambamo wanyamapori hupita. Mfano: ushoroba kati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi na ile ya Milima ya Mahale, unaopita katika Wilaya ya Tanganyika.

Matumizi: Mkulima anayeambiwa bila ufafanuzi kwamba shamba lake limo "ndani ya ushoroba" huweza kudhani kuwa limo hifadhini, kisheria hayo ni mambo mawili. Mfasiri anayewaandikia wanakijiji afadhali atangulize "mapito ya wanyamapori", kisha alitaje neno lenyewe na kulishikilia hadi mwisho. "Ukanda" halifai kuwa kisawe hapa, kwa kuwa lina maana nyingi mno. Aidha, husemwa "shoroba hizi", si "ushoroba hizi", kosa lisiloadimika hata katika maandishi rasmi.