Tope la Vilindini na Ushahidi Wake

Umepata kusimama pwani ya Malindi wakati wa masika, ukaona jinsi maji ya bahari yanavyogeuka rangi ya udongo? Udongo ule huletwa na mto Sabaki kutoka bara, wala safari yake haiishii pale. Chembe nzito huzama karibu na pwani. Lakini zilizo nyepesi kabisa, za udongo wa mfinyanzi, huchukuliwa na mikondo, na nyingine hufika hata vilindini, zikatua polepole juu ya sakafu ya bahari. Miaka mingi ikipita, tope hulala juu ya tope, na tabaka za chini hugandamizwa hata zikawa mwamba.

Je, mwamba huo waweza kutupa habari za nchi ulikotoka? Swali hili lina historia ndefu. Desemba 1872 meli ya Kiingereza iitwayo Challenger iling'oa nanga, ikasafiri katika bahari kuu za dunia hata Mei 1876. Katika vilindi vikuu kamba zake zilipandisha udongo mwekundu, laini mno. Wataalamu wa meli ile ile wakahitilafiana. Wyville Thomson, mkuu wao, alidhani kuwa ni masalio ya magamba ya vidudu vya baharini yaliyoyeyuka. John Murray akashikilia kwamba umetokana hasa na mawe na majivu ya volkano yaliyooza. Mwaka 1891 Murray na Renard, Mbelgiji, walitoa kitabu kikubwa juu ya matope hayo, lakini kwa darubini ya siku zile chembe za udongo wa mfinyanzi hazikuweza kutambulikana. Unene wa chembe moja haufiki hata sehemu mbili katika elfu za milimita.

Mlango ulifunguliwa na eksirei. Mwaka 1912 huko Munich, Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba mionzi hiyo ikipita katika fuwele hutawanyika kwa kufuata mpangilio wa atomu zake. Katika miaka ya 1920 na 1930 udongo nao ukapimwa hivyo, ikabainika kuwa ni fuwele nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu, tena za aina mbalimbali: kaolinaiti, smektaiti, ilaiti, kloraiti. Mwaka 1965 Pierre Biscaye alieleza jinsi zilivyoenea katika Atlantiki. Kaolinaiti ni nyingi karibu na ikweta, ambako joto na mvua huozesha mawe. Kloraiti huzidi kuelekea ncha za dunia, ambako baridi huyahifadhi. Basi sehemu kubwa ya tope yatoka nchi kavu, ingawa Murray naye hakukosa kabisa, kwa maana smektaiti nyingine ni zao la volkano.

Hata hivyo shahidi huyu hubadili maneno yake akifukiwa sana. Mwaka 1976 John Hower na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipande vilivyotolewa katika kisima kirefu karibu na Ghuba ya Mexico. Kati ya mita 2,000 na 3,700 chini ya ardhi, kurasa za smektaiti zilikuwa zikigeuka ilaiti: kutoka karibu asilimia 20 hadi yapata asilimia 80. Joto ndilo lililofanya kazi, na potasiamu iliyohitajika ilitoka katika madini mengine yaliyooza humo humo. Asiyejua hayo ataona ilaiti nyingi, akasema kwamba zamani nchi ilikuwa na baridi au ukame, kumbe ni moto wa chini tu.

Mwaka 1972 meli ya Kimarekani Glomar Challenger ilichimba kwa keekee mashariki ya pwani yetu, penye kina cha maji cha zaidi ya mita 4,000, ikapenya sakafu zaidi ya mita 1,000. Nguzo za tope zilizopatikana katika Bahari ya Hindi zimetunzwa leo katika ghala la baridi huko Kochi, Japani, na mtafiti aweza kuomba kipande. Ukipata kukiomba, tazama kwanza kilitoka kina gani.