Waya wa Tatu

Mwishoni mwa Machi 2006, British Telecom ilianza kubadilisha namna kasi ya intaneti ilivyokuwa ikiuzwa Uingereza. Hadi hapo mteja wa kawaida alilipia nusu megabiti, megabiti moja au mbili kwa sekunde, na laini ikafungwa papo hapo. Sasa iliachiwa ikimbie mpaka waya wenyewe ushindwe, kikomo kikiwa megabiti 8. Hakuna fundi aliyebisha hodi. Waya ulikuwa ule ule, ruta mara nyingi ile ile. Mabadiliko yote yalifanyika kwenye kituo cha simu, pengine kilomita mbili tatu kutoka nyumbani. Wengi walifurahi. Lakini wapo walioongezewa kasi wakaishia na laini inayokatika kila jioni na kurasa zinazofunguka kwa kujivuta, huku mtoa huduma akipima upande wake na kuwajibu kwamba laini ni nzima.

Na mara nyingi ilikuwa nzima kweli. Kasoro ilikuwa ukutani, ndani ya nyumba, na ilikuwa imekaa humo kwa robo karne.

Kwa miaka mingi simu ya nyumbani Uingereza haikuwa mali ya mwenye nyumba. Posta ilitwaa karibu mtandao wote wa simu wa nchi mwaka 1912, na tangu hapo simu ilikodishwa. Fundi wa Posta alikuja, akafunga nyaya moja kwa moja kwenye kisanduku cha ukutani, na aliyetaka simu ya pili ghorofani alimsubiri fundi huyo huyo. Mwaka 1981, shughuli za simu zilipotengwa na Posta zikapewa jina la British Telecom, ndipo ilipoletwa soketi ya kuchomeka plagi. Kwa mtu aliyezoea kumwomba fundi kila kitu, huo ulikuwa uhuru mkubwa.

Kutoka barabarani huingia nyaya mbili tu. Wa tatu huzaliwa ndani ya soketi kuu, ile ya kwanza nyumbani. Humo iliwekwa kapasita ya mikrofaradi 1.8, ambayo huchuja umeme wa kulizia kengele, volti zipatazo 75 zinazopigapiga mara 25 kwa sekunde, na kuupeleka kwenye pini namba 3. Kutoka pini hiyo waya wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe ulitandazwa hadi kila soketi ya ziada: chumbani, jikoni, wakati mwingine hadi gereji. Mazungumzo yenyewe yalipita kwenye pini namba 2 na 5, kwenye jozi ya bluu na nyeupe. Sababu ya kuhangaika hivyo ilikuwa ndogo lakini halali. Zama zile watu walipiga namba kwa kuzungusha kisahani, na kila kilipozunguka kwenye simu moja, kengele za simu nyingine ndani ya nyumba zilitoa mlio hafifu. Waya wa tatu uliwezesha kuzinyamazisha.

Hakuna aliyekuwa akiwaza megahezi. Sauti ya binadamu kwenye simu haizidi hezi 3,400, na kwa kiwango hicho waya wa kengele haukumdhuru mtu.

Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, Joseph Lechleider wa maabara ya Bellcore alionyesha kwamba waya wa simu unaweza kubeba data nyingi iwapo sehemu kubwa ya nafasi itatengewa data inayokuja kwa mteja na sehemu ndogo ile anayotuma. John Cioffi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakakamilisha mbinu ya kuitawanya data hiyo kwenye vijia vingi vyembamba vya masafa. Hiyo ndiyo ADSL. Iliundwa ikilenga kupeleka filamu majumbani kupitia laini ya simu. Biashara hiyo ikasuasua, intaneti ikairithi teknolojia. Hutumia masafa yaliyo juu ya sauti hadi kilohezi 1,104, yakigawanywa katika vijia 256. Ruta hukipima kila kijia: kilichotulia hubebeshwa biti nyingi, chenye kelele hubebeshwa chache au hurukwa kabisa.

Waya wa kengele uliiharibu hesabu hiyo. Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyaya mbili pamoja mwaka 1881: kelele ya nje ikiziingia zote kwa usawa, upande wa pili hujifuta. Usawa huo ndio ulinzi pekee wa shaba. Lakini kapasita inayozuia umeme tulivu hupitisha masafa ya juu bila kizuizi, kwa hiyo waya wa tatu uliunganika na upande mmoja tu wa jozi, usawa ukavunjika, na nyumba ikawa na antena ya mita kadhaa ndani ya kuta. Antena hiyo ilinasa redio. Kituo cha BBC Radio 5 Live kilirusha matangazo kwenye kilohezi 693 na 909, katikati kabisa ya eneo la ADSL. Na kwa kuwa mawimbi ya kati husafiri mbali zaidi jua likizama, vituo vya nchi jirani navyo viliingia usiku. Laini iliyokuwa imara saa tisa alasiri ilianza kuyumba saa mbili usiku, na mteja akadhani majirani wanammalizia intaneti.

Kwa nini basi matatizo haya hayakuonekana kabla ya 2006? Kwa sababu aliyeuziwa nusu megabiti kwenye laini inayomudu 5 alikuwa na akiba kubwa, na kelele ilizama ndani ya akiba hiyo. Kasi mpya iliitumia akiba yote, ikabaki desibeli 6 hivi za usalama. Kilichofichika kikajitokeza.

Mfumo wenyewe uliongeza chumvi kwenye kidonda. Kwa siku 10 za mwanzo laini ilikuwa ikichunguzwa ili ijulikane kasi inayoweza kuishikilia. Mteja asiyejua alifanya anachofanya kila mtu: akazima ruta, akaiwasha, akazima tena. Kompyuta za British Telecom zilihesabu kila mkatiko kuwa dalili ya udhaifu, zikapandisha akiba ya usalama hadi desibeli 9, kisha 12, hata 15, na kasi ikashuka kila mara. Juu ya hapo kulikuwa na kikomo kingine ndani ya mtandao, kilichowekwa kulingana na kasi ambayo ruta ilikuwa imeunganishwa nayo. Kilishuka upesi na kupanda polepole. Usiku mmoja mbaya ungeweza kumwacha mtu na ruta inayoonyesha megabiti 6 lakini anapokea 2, kwa siku hadi tatu. Ni vigumu kumlaumu aliyetaka kuirusha ruta dirishani.

Dawa ilikuwa bisibisi. Soketi kuu za miaka ile zina skrubu mbili mbele. Ukizifungua, nusu ya chini ya uso inachomoka pamoja na nyaya zote za ndani, na nyuma yake hujitokeza tundu la kupimia. Ruta ikichomekwa hapo inazungumza na kituo bila kupitia nyaya za nyumba. Kasi ikipanda, mkosaji amepatikana: ama kichujio cha kutenga simu na data kilichosahauliwa nyuma ya kisimbuzi cha televisheni au king'ora cha wezi, ama waya wa chungwa. Wajuzi waliuchomoa tu kutoka pini namba 3. Simu za kisasa zina kapasita zake ndani, na ziliendelea kulia kama kawaida. Mwaka 2008 British Telecom yenyewe ilianza kuuza kibamba chembamba cha kuwekwa ndani ya soketi ili kuzuia kelele za waya huo, kikaitwa I-Plate.

Shaba iliendelea kukamuliwa. ADSL2+, ambayo British Telecom iliisambaza kwa jumla kuanzia 2008, ilikwenda hadi megahezi 2.2, na walio mbali na kituo hawakupata cha maana kwa sababu masafa ya juu hufia njiani. Walioumia zaidi ni waliopitiwa na nyaya za alumini, zilizofukiwa miaka ya 1960 na 1970 shaba ilipopanda bei. Viungio vyake huliwa na kutu na hukatika vikiguswa. Mwaka 2009 faiba ilifikishwa kwa majaribio hadi makabati ya mitaani huko Muswell Hill, London, na Whitchurch, Cardiff, na baadaye kipande cha shaba kilichobaki kikabebeshwa hadi megahezi 17. Hapo kila jirani aliyejiunga alipunguza kidogo kasi ya waliotangulia, maana jozi zao zililala bega kwa bega katika kebo moja.

Afrika Mashariki maradhi haya hayakupata pa kuenea. Nyumba zenye laini ya shaba zilikuwa chache, wezi wakazikata nyaya nyingi ili wauze shaba, na simu ya mkononi ilikwisha tangulia.

Uingereza imepanga kuzima mtandao wa zamani wa simu Januari 2027. Faiba ikifika ndani, simu huchomekwa kwenye ruta, na soketi za ziada hazina kazi tena. Wepesi wa kulaumu kasi mpya haujaisha, ila sasa mkosaji ni Wi-Fi. Simu ya Mwingereza ilikaa kwenye ukumbi wa mlangoni, kwa hiyo soketi kuu iliwekwa hapo, ruta ikawekwa kwenye soketi, na faiba nayo mara nyingi huingizwa upande huo huo wa nyumba. Aliyelipia megabiti 900 anaweza kupima sehemu ndogo tu ya hizo jikoni nyuma, kuta mbili za matofali zikiwa katikati. Kuhamisha soketi kuu ni kazi ya kulipiwa, na wengi huona afadhali kununua kifaa kingine cha kurudufu mawimbi.